Fidia ya Askari Aliyeuawa: Kwa Nini Mjane Ndiye Afuatilie?

Sheria ya Kenya ya mafao ya majeraha kazini, ile ya mwaka 2007 ambayo wengi huiita WIBA, inamlinda polisi kama inavyomlinda fundi wa kiwandani. Wanajeshi waliwekwa kando. Polisi wakabaki ndani. Mfanyakazi akifia kazini, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa katika muda wa saa 24. Madai yakiwasilishwa, mwajiri au kampuni ya bima ina siku 90 za kulipa, na hesabu yenyewe hupigwa kwa msingi wa mishahara ya miezi 96. Juu ya hayo kuna bima ya maisha, pesa za mazishi na pensheni. Ukiyasoma haya yote mezani, huoni kwa nini familia ya konstebo aliyeuawa Garissa au Lamu ihangaike.

Inahangaika kwa sababu zile siku 90 hazianzi kuhesabiwa siku ya kifo. Zinaanza madai yakishafika. Kati ya kaburi na madai kuna cheti cha kifo, barua ya chifu, uthibitisho wa ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, akaunti ya benki, na barua ya kamanda inayosema marehemu alikuwa kazini. Marehemu akiwa na nyumba mbili, au wazazi wake wakimkana mke, kunaongezeka mahakama na hati ya kusimamia mirathi. Wakati huo mshahara umesimama na kota inasubiriwa na askari mwingine. Wenzake kituoni walichanga wakazika vizuri, lakini nao wana kazi, na kamanda aliyepaswa kuandika ile barua huenda ameshahamishwa kaunti nyingine. Sheria hiyohiyo inasema madai yawasilishwe ndani ya miezi 12. Mwaka ni mfupi sana kwa mwanamke anayelea watoto kijijini na kupanda basi kwenda Nairobi kila anapoambiwa kwamba faili inakosa karatasi moja.

Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa, na halina uhusiano na ukubwa wa kitita. Tumemfanya mfiwa kuwa mdai, ilhali karibu kila kinachohitajika kuthibitishwa serikali inakijua kumshinda. Ndiyo iliyomwajiri askari na kuchukua alama za vidole vyake. Ndiyo iliyompangia kituo na kuandika kwenye kitabu cha matukio saa aliyotoka na silaha aliyobeba. Faili lake lina jina la mke na watoto, na mshahara wake umekuwa ukipita kwenye akaunti inayojulikana. Novemba 2012, zaidi ya askari 40 waliuawa katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi wakifuatilia mifugo iliyoibwa, wengi wao vijana waliotoka chuoni hivi karibuni. Juni 2019, wasiopungua wanane waliuawa na bomu la kutegwa barabarani Konton, Wajir, wakiwasaka waliowateka askari wa akiba. Nchi nzima ilijua walikuwa wapi na walitumwa kufanya nini. Kwa vifo vya namna hiyo, mzazi au mjane hana la kuthibitisha ambalo taifa halijalitangaza tayari kwenye taarifa ya habari.

Kwa hiyo serikali ilipe kwanza sehemu ya fidia kutoka hazina yake, kisha yenyewe ikadaiane na kampuni ya bima. Ina mawakili na ina muda. Mgogoro wa wake wawili usizuie pesa za watoto, kwa maana watoto hawagombaniwi na mtu; fungu lao linaweza kutengwa huku wakubwa wakiamuliwa. Watakaosema huo ni mlango wa udanganyifu wana hoja, lakini mdanganyifu hufaidika zaidi na faili inayozunguka ofisi kumi kuliko malipo yanayotoka sehemu moja.

Jambo la pili ni lile la mishahara ya miezi 96. Fidia inayopimwa kwa mshahara humlipa kidogo zaidi aliye chini, na aliye chini ndiye anayekaa mbele kwenye gari linalokanyaga bomu. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1976, serikali kuu hulipa familia ya askari aliyekufa kazini kiasi kimoja bila kutazama cheo. Wao pia wamelaumiwa kwa ucheleweshaji. Hata hivyo, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge lao lilipitisha ndani ya siku chache utaratibu wa kulipa familia za waokoaji katika siku 30 baada ya mwajiri kuthibitisha kifo. Aliyetakiwa kuthibitisha alikuwa mwajiri. Kenya inaweza kubaki na hesabu ya mshahara kwa pensheni, lakini iweke kiwango cha chini kilicho sawa kwa konstebo na kamishna.

Najua kuna Wakenya watakaosoma haya kwa uchungu. Wapo waliozika watoto waliopigwa risasi na polisi kwenye maandamano, na wanauliza fidia yao iko wapi. Swali lao ni la haki na halipaswi kunyamazishwa kwa jeneza la askari. Lakini konstebo aliyekufa Wajir hakumuua mtoto wa mtu Nairobi, na mjane wake akicheleweshewa, wale wazazi hawapati hata shilingi. Familia zote hizi zinasukumwa na tabia ileile ya serikali: kukiri msiba hadharani, halafu kumwachia mfiwa kazi ya kuudai.

Tabia hiyo huwa mbaya zaidi pasipo na mwili. Machi 2025, askari mmoja wa Kenya aliyekuwa katika operesheni ya usalama nchini Haiti alitoweka baada ya kikosi chake kuvamiwa na magenge. Vyombo vya habari vya huko vilisema ameuawa; wakuu wa operesheni walisema anatafutwa. Familia yake ikakaa kwa miezi bila mwili wa kuzika. Sheria yetu ya Ushahidi humdhania mtu amekufa akipita miaka saba bila kusikika. Kanuni hiyo inamfaa aliyeondoka nyumbani asiache habari. Askari aliyetoweka vitani wakuu wake wakimwona hakuondoka kwa hiari, na mtoto aliyemwacha darasa la kwanza atamaliza shule ya msingi kabla ya miaka hiyo kwisha. Bunge liandike kifungu mahususi: afisa akitowekea kazini, mshahara wake uendelee kuingia kwa familia, na katika miezi sita jopo huru lisikilize mashahidi na kutoa uamuzi unaotosha kuanzisha malipo. Akirudi hai, serikali isimdai chochote.