Kimeo Hakina Kosa

Mtoto akifikisha siku ya kumi anakohoa, hakosi mtu wa kumwambia mama yake: "Huyo ana kimeo, mpeleke akakatwe." Analaumu kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, eti kimerefuka, kinamkwaruza koo. Nasema wazi: kimeo hakileti kikohozi, na kukikata si tiba.

Kimeo kila mtu anacho. Wengine hukiita kilimi, wengine kidakatonge, na aliyebuni jina hilo la mwisho alikaribia ukweli kuliko sisi. Ni ncha ya kaakaa laini. Ukimeza, kaakaa hilo huinuka na kuziba njia ya kwenda puani, ndiyo maana uji hautokei puani. Tezi zake hutoa mate mepesi yanayolainisha koo.

Mbona basi ukimulika tochi unakikuta chekundu, kimevimba? Kwa sababu mafua yaliyoshika pua na koo yamekifikia nacho. Pua na koo zinaungana kule nyuma ya kaakaa: mtoto akilala, makamasi humteremkia kooni, akakohoa usiku kucha. Kimeo kinaugua pamoja naye, nasi tunakihukumu.

"Mbona wa jirani alikatwa akapona?" Kikohozi cha mafua huisha chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili au tatu. Mzazi huvumilia kwanza, akaenda kwa mkataji kikohozi kikiwa ukingoni. Sifa zikaenda kwa wembe.

Na wembe huo umepita vinywa vingapi? Una hatari ya pepopunda na VVU. Damu nayo huweza kugoma kukatika, mtoto akawa anaimeza bila nyinyi kujua. Bibi zetu walipeleka watoto kwa huruma, sina shaka na hilo, lakini huruma haizuii damu.

Kinachoniuma zaidi ni siku zinazopotea, kwani nimonia haisubiri kidonda kipone. Mtoto akiwa ametulia, mhesabie pumzi kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mkimbize kituo cha afya saa hiyohiyo. Kikohozi kikipita wiki mbili, apimwe kifua kikuu. Hapa Tanzania dawa zake hutolewa bure. Mkataji wa vimeo anataka hela.