MAJERUHI AFIKE NA SAA YAKE



Majeruhi wa shimoni akiletwa kwangu dispansari, swali langu la kwanza kwa wenzake ni hili: ameumia saa ngapi? Mara nyingi najibiwa, «Ni leo asubuhi, muganga.» Jibu hilo halinisaidii.

Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya uchunguzi uitwao CRASH-2, ulioongozwa kutoka London. Katika hospitali 274 za nchi 40 walichukuliwa majeruhi 20,211, watu wazima waliokuwa wakivuja damu nyingi au waliohofiwa kuvuja, na ambao masaa 8 yalikuwa hayajapita tangu waumie. Kwa kura, nusu walipewa asidi traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke upesi. Nusu walipewa maji ya chumvi matupu. Wala mgonjwa wala muganga hakujua nani amepata nini. Waliopata dawa walikufa wachache zaidi. Ni dawa ya zamani, na bei yake si kubwa.

Mwaka 2011 hesabu zilifanywa tena kwa kufuata saa, na hapo ndipo penye jambo letu. Kwa waliotibiwa ndani ya saa moja, katika kila watu 1,000 walikufa kwa kuvuja damu 53. Kwa wasiopata dawa, 77. Kati ya saa moja na masaa matatu faida ilikuwa bado ipo. Baada ya masaa matatu mambo yaligeuka: wenye dawa 44, wasio na dawa 31. Sindano ile ile! (Hesabu hizo za mwisho ni ndogo, maana wengi wa waliovuja sana hawakuishi hadi hapo.)

Sasa mniambie, nishike sindano namna gani kama saa haijulikani?

Kuna na mtego mwingine. Mchimbaji anahesabu saa ya Kiswahili, karani anaandika ya Kifaransa. Zamani, nikifanya kazi mahali pengine, kijana aliyepondwa paja na jiwe aliletwa juu ya chukudu saa tano na nusu ya asubuhi, na karatasi iliyoandikwa «4 h». Kwa karatasi, masaa 7 na nusu yalikwisha pita. Tulikuwa tumekwisha kuiweka dawa pembeni, ndipo mdogo wake, aliyemsukuma njia nzima, akasema: «Hapana, tulikuwa tumekunywa chai tu.» Ilikuwa saa nne ya asubuhi, yaani 10 h! Saa moja na nusu tu. Tukampa.

Makapita wengine wananiambia ripoti iandikwe kwanza, ndipo mtu apelekwe. Sikubali. Anayeijua barabara ya Masisi kupita Sake wakati wa mvua anajua masaa yanavyoliwa njiani. Tusiyale mengine sisi wenyewe mlangoni mwa shimo. Mmoja akandamize kidonda kwa nguvu bila kuachia, mwingine atafute gari, na ripoti ingoje jioni.

Kabla ya kuondoka, saa iandikwe juu ya mkono wa majeruhi kwa kalamu ya biki, pamoja na neno «asubuhi», «mchana» au «usiku», na «ya Kiswahili» au «ya Kifaransa». Nyumbani vilevile, mtu akigongwa na pikipiki. Kalamu ziko kwangu dispansari; kila kapita aje achukue moja, bure.