Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa Handeni na Korogwe: piramidi za halaiki ziishie ghorofa ya pili

Ndugu Wakurugenzi wa halmashauri zetu nne, Handeni Mji na Wilaya, Korogwe Mji na Wilaya,

Nawaandikia kuhusu watoto wa halaiki, wale wanaotupambia mapokezi ya Mwenge wa Uhuru na sherehe za kitaifa. Makofi mengi huwa ni pale wanapojenga piramidi, na hapo ndipo penye hofu yangu.

Nendeni mkatazame mazoezi, msisubiri maonyesho. Uwanja ni mkavu, una changarawe. Watoto wa chini wametambaa kwa magoti na viganja, wengine wanawapanda, kisha aliye mwepesi kuliko wote anapandishwa juu kabisa. Akikanyaga katikati ya mgongo wa mwenzake badala ya usawa wa nyonga, uti wa mgongo wa yule wa chini ndio unaobeba mzigo. Mikono isiposimama wima chini ya mabega, viwiko vinalegea na safu nzima inamomonyoka. Hata ikisimama vizuri, filimbi inapulizwa, wote wanalala kifudifudi kwa mpigo mmoja, na wa juu anaporomoka juu ya wenzake. Umati unashangilia. Mtindo huo wa kushuka ufutwe kabisa: washuke mmoja mmoja kuanzia juu, huku watu wazima wamesimama tayari kuwapokea.

Mwalimu simlaumu. Agizo linamfikia zimebaki siku chache, anaambiwa alete watoto na onyesho lipendeze. Amesomea Hisabati au Kiswahili. Hakuna aliyemfundisha kumdaka mtoto anayeanguka, na kukataa hawezi. Vijana wetu waliopelekwa China mwaka 1965 kujifunza sarakasi walikaa huko miaka minne. Sisi tunataka mtoto wa shule ya msingi aimudu kwa siku chache, ilhali ratiba ya Mwenge hujulikana mapema.

Marekani wana vikundi vya vijana wanaoshangilia timu kwa kurushana na kupandana. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha huko kilitoa mwongozo: piramidi isizidi kimo cha watu wawili, mazoezi yasifanyike penye ardhi ngumu, iliyolowa au isiyo sawa, kocha awe amefunzwa, na anayedhaniwa kuumia kichwa atolewe papo hapo, asirudi mpaka daktari aandike kwamba amepona. Huo ni mwongozo wa nchi yenye magodoro ya mazoezi na magari ya wagonjwa. Mtoto akianguka Bungu, milimani, mpaka afikishwe Hospitali ya Magunga ni safari. Wa Kwamsisi naye hana hospitali ya jirani. Kwa hiyo sisi tunatakiwa kuwa wakali kuliko wao.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumshirikisha mtoto katika shughuli inayoweza kudhuru afya, elimu au makuzi yake. Kinachokosekana ni waraka wenu wa kusema hivyo uwanjani: ghorofa mbili, basi, juu ya nyasi au mchanga uliolainishwa, kila piramidi na wadakaji wake, maji na kivuli, sanduku la huduma ya kwanza, na gari linalojulikana ni la nani na nani atalipigia simu. Maafisa michezo wenu wawafunze walimu kabla watoto hawajaitwa.

Na fimbo isiingie kwenye mazoezi hayo. Mtoto anayeogopa kuchapwa hatasema kifundo cha mkono kinamuuma. Atapanda hivyo hivyo, na atakayeumia huenda akawa yule aliye juu yake. Haki ya kusema “siwezi” apewe bila kuulizwa mara mbili, na mzazi aombwe ridhaa kwa maandishi, aelezwe mwanawe atasimama ghorofa ya ngapi.

Agizo lijalo la halaiki litakapotoka ofisini kwenu, naomba liwe na jina la kocha aliyefunzwa, na saini ya mkurugenzi iwe chini ya masharti hayo.

Wenu,
Mzazi, Korogwe