Mwimo Si Kizingiti

Amedai mwandishi mmoja gazetini kwamba mwimo ni neno la mafundi wa milango ya nakshi ya Lamu na Unguja, na kwamba mkulima wa Kitale, asimikapo nguzo ya lango la shamba lake, hana budi kuiita kizingiti au, lililo dhaifu zaidi, posti ya geti. Dai hili silikubali hata kidogo.

Kizingiti, kiwe cha juu au cha chini, hulala. Mwimo husimama, nao umetokana na shina la -ima, lile lile lililotuzalia wima na kimo. Ama kusema kwamba neno hili ni la nyumba tu, tafadhali mwandishi afungue Waamuzi, sura ya 16, katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, amwone Samsoni aking'oa miimo ya lango la mji wa Gaza. Na Biblia hiyo imesomwa makanisani Bungoma kwa miaka mingi, wala haikungoja ruhusa ya fundi wa Lamu.

Geti sina ugomvi nalo, limekwisha kuwa letu. Walakini tutawasimuliaje wana wetu habari za ngome ya Chetambe, karibu na Webuye, waliyoipigania Wabukusu mwaka 1895, ikiwa tukifika langoni tunaita kilichosimama kwa jina la kilicholala? Nguzo ya lango ni mwimo, Kitale kama Lamu.