Shamba la mjane: sheria ilibadilika, jina lake liko wapi?

Msimu wa kulima ukikaribia, swali moja hurudi kwenye simu za wasikilizaji wetu wa Kibondo na Kasulu: ndugu wa marehemu wakimwambia mjane aachie shamba, ana haki gani? Tunaanzia miaka ya 1990.

Miaka ile Tanzania ilirejesha vyama vingi, na huku kwetu tukapokea wakimbizi wa Burundi. Wanawake nao walipiga hatua tatu.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilisikiliza shauri la Holaria Pastory wa Kagera, aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mila ilimruhusu mwanamke kulitumia, si kuliuza. Jaji Mwalusanya alisema ubaguzi huo unapingana na Katiba.

Mwaka 1995 ulifanyika mkutano wa Beijing, Katibu Mkuu wake akiwa Mtanzania, Gertrude Mongella.

Mwaka 1999 ikatungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi.

Kwa nini basi wajane bado wanaondolewa?

Kwa sababu kumiliki ni jambo moja, kurithi ni jingine. Kanuni za mila za mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, zinataka mjane atunzwe na watoto wake, si arithi mali ya mume. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ilitoa uamuzi kuhusu malalamiko ya wajane wawili Watanzania waliofukuzwa na ndugu wa waume zao, ikaitaka nchi irekebishe kanuni hizo.

Tufanye nini?

Mume na mke waandikishe shamba kwa majina yote mawili katika hati ya hakimiliki ya kimila. Mwenye jina kwenye hati hasubiri kurithishwa sehemu yake; tayari ni yake.

Pia, Baraza la Ardhi la Kijiji lazima liwe na wanawake watatu, na wajumbe wake huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano ujao ukiitishwa, nenda ukaulize: wetu watatu ni akina nani?