Mifuko Minne, Jasho Moja

Tarehe 1 Agosti 2018, mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF. NSSF ikabaki na sekta binafsi. Naunga mkono uamuzi huo, kwani bodi nne zilikuwa na gharama nne kwa kazi ileile. Lakini kuunganisha fedha si kulinda haki. Mwaka huohuo kikokotoo kipya kiliweka mkupuo wa mstaafu kuwa asilimia 25, kilio kikatanda, na Desemba Rais Magufuli akakisitisha. Palipo na mfuko mmoja, mchangiaji hana pengine pa kukimbilia. Basi ashirikishwe kabla kanuni haijaandikwa, asisubiriwe alalamike. Pensheni si hisani ya serikali. Ni ujira wake uliowekwa akiba.