Runinga nne ndani ya basi, na mama ameachwa mpakani

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za watu zimenibana. Leo siandiki kuhusu programu mpya. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ina umri wa wiki tatu.

Tuanze baharini. Binamu yangu anafanya kazi jikoni kwenye meli ya watalii, yale majumba yanayoelea. Alipokuja likizo hapa Bumala alituonyesha picha: ukumbi wa sinema, bwawa la kuogelea juu kabisa, bendi kila usiku. Watoto walishangilia. Mimi picha iliyonishika ilikuwa ya karatasi! Karatasi moja tu, ambayo wahudumu huipenyeza chumbani kila jioni: kesho chakula ni saa ngapi, mchezo ni saa ngapi, na kwa herufi kubwa, meli ikitia nanga mnatakiwa muwe mmerudi saa ngapi. Siku hizi kampuni nyingi zimeihamishia kwenye simu. Carnival wana programu yao inayotumia waifai ya meli, na abiria anasoma ratiba hata kama hajanunua intaneti.

Bado watu huachwa. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane kisiwani São Tomé. Lakini hakuna aliyesema hawakuambiwa saa.

Sasa njooni nchi kavu. Meli yetu sisi watu wa Busia na Malaba ni basi la usiku. Nairobi hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 600: unakula humo, unalala humo, unajuana na jirani humo. Na burudani ipo! Basi nililopanda lilikuwa na runinga nne, taa za rangi ya zambarau, na ubavuni limeandikwa WAIFAI BURE. Waifai niliipata. Ilikuwa na jina, ilikuwa na nywila, haikuwa na intaneti. Hiyo nimesamehe.

Filamu nazo sina ugomvi nazo. DJ Afro nimekua naye, na ukivuka mpaka ukamsikia VJ Jingo akiichambua filamu kwa Kiganda unajua umefika ugenini kwa raha. Ugomvi wangu ni SAUTI. Spika ziko juu ya vichwa vyetu, kidude cha kuzipunguza kiko kwa kondakta peke yake. Kwa hiyo nilifanya anachofanya kila kijana: nikaziba masikio kwa spika zangu ndogo, nikafumba macho.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo, ana simu ya kabambe. Alikuwa anakwenda Iganga kumwona mjukuu aliyezaliwa wiki ile.

Tulifika Busia kama saa kumi alfajiri. Mnajua utaratibu wa kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi Februari 2018: anayekwenda Uganda anamalizia yote upande wa Uganda, maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Mnashuka, mnapanga foleni na vitambulisho vyenu, basi linawangoja mbele. Mbele WAPI? Kondakta alisimama akatangaza. Siku hiyo basi lingengoja kwenye kituo cha mafuta, si pale pa kawaida. Alitangaza katikati ya mapigano ya filamu, na hakuna aliyeipunguza. Mimi sikusikia neno. Nilimfuata tu kijana aliyenitangulia.

Mama hakumfuata mtu. Alikwenda kungoja pale anapopajua.

Kondakta alihesabu watu kwa macho, tukaondoka. Kulikuwa kumepambazuka, tumeshapita Bugiri, nilipoona mkoba peke yake kwenye kiti cha pili. Ndani mna simu yake, na dawa zake za presha. Nilimpungia kondakta mkono. Kwa mara ya kwanza usiku ule, sauti ya filamu ikapunguzwa.

Iganga binti yake alikuja kumpokea mama, akapokea mkoba.

Mama alifika adhuhuri. Kijana mmoja wa bodaboda alimkuta analia kando ya barabara, akampeleka steji na kumlipia nauli ya matatu. Jina la bodaboda lilizaliwa papa hapa Busia, kwa vijana waliovusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Kwa hiyo usiku ule usafiri uliofanya kazi ni huo. Wa runinga nne ulishindwa.

Nilimlaumu kondakta kichwani mwangu hadi Jinja. Halafu nikatazama vile vidude mkononi mwangu, nikanyamaza.

Sasa nazijua hoja za wenye mabasi, ngoja nizijibu.

"Dereva atasinzia bila muziki." Mpeni redio yake kule mbele! Na dereva anayehitaji spika nyuma ya kiti cha arobaini ili asilale, huyo anahitaji kitanda na dereva wa pili.

"Abiria wanapenda." Wanaopenda wana simu na masikio yao. Aliye na mtoto mchanga, aliye mgonjwa, anayekwenda mazishini, huyo mmemuuliza? Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, si jambo geni hili.

"Teknolojia ni ghali." Hapa ndipo mnaponigusa, maana hapa ni kwangu.

Nitakiri kitu. Kabla ya safari ile nilikuwa nimeandaa bidhaa ya kuwauzia: Raspberry Pi moja, diski, waifai ya ndani, filamu kibao, na Wikipedia ya Kiswahili nzima kwa kutumia Kiwix. Hakuna intaneti inayohitajika, kama melini, na bei haifikii tairi moja jipya la basi. Niliiona nzuri sana. Lakini kabambe haina waifai. Kisanduku changu kingemwacha mama palepale alipoachwa, na mimi ningekuwa nimelipwa. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huu: tunamtengenezea abiria anayefanana nasi.

Kinachotakiwa ni SMS. Namba ya abiria mnayo, mliiandika kwenye tiketi. Tena Krismasi mnaitumia kututakia heri! Basi likifika Bumala, karibu nusu saa kabla ya mpaka, simu za Kenya bado hazijaanza kunasa mtandao wa Uganda. Hapo ndipo pa kutuma: "Tunakaribia Busia. Beba kitambulisho, simu na dawa. Basi litangoja kituo cha mafuta, upande wa kushoto. Tunaondoka saa 11:15. Ukipotea piga namba hii." Wa njia ya Malaba watumiwe Bungoma. Ujumbe kwa abiria hamsini haufiki bei ya soda mbili. Halafu zimeni runinga, tangazeni kwa mdomo, na mhesabu watu kwa orodha.

Programu yenyewe nimeshaiandika, haifiki mistari mia moja. Mwenye basi yeyote aichukue bure, nitamwekea mwenyewe. Waifai bandia ubavuni hata msiifute, rangi ni ghali.

Mwezi ujao nasafiri tena kwenda Kampala. Safari hii masikio yatakuwa wazi, na tukifika Bumala nitaitazama simu yangu.

Haya, tuonane.